Maktaba na Huduma za Ugani Katika Kusambaza Taarifa za Kilimo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakutubi, maafisa ugani, watendaji wa halmashauri na viongozi wa vyama vya wakulima wa Tanzania Bara wanaotaka maktaba na huduma za ugani zifanye kazi pamoja. Mifano mingi ni ya Tanzania, na pale ambapo Kenya ina jambo la kutufundisha imetajwa.

Kwa nini maktaba na huduma za ugani zishirikiane, ilhali kila upande una kazi yake?

Kwa sababu kila upande una kitu ambacho mwenzake hana. Afisa ugani wa kata anawajua wakulima kwa majina, anajua nani amepanda nini na katika bonde lipi, lakini mara nyingi anategemea alichofundishwa chuoni pamoja na vipeperushi vichache alivyogawiwa kwenye semina. Mkutubi ana ujuzi wa kutafuta, kupanga na kuhifadhi maarifa, ana jengo lenye meza na viti na pengine intaneti, lakini haonani na mkulima wala hajui msimu huu watu wanahangaika na nini. Matokeo yake ni kwamba utafiti unafanyika katika vituo vya utafiti wa kilimo kama Ilonga au Naliendele, ripoti inaandikwa na kuwekwa rafuni, na mkulima aliye mwendo wa saa mbili kwa basi anaendelea kumuuliza mwenye duka la pembejeo, ambaye naye humjibu kulingana na kilichopo dukani.

Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu wenye maduka. Mkulima aliyeona majani ya mahindi yametobolewa asubuhi hawezi kusubiri semina ya mwezi ujao, na duka liko wazi kila siku.

Wakulima wengi hawaingii maktaba kabisa. Ushirikiano huu utawafikiaje?

Hilo ni kweli, na mpango wowote unaotegemea kumwona mkulima akiazima kitabu na kukirudisha baada ya wiki mbili hautadumu. Tafiti zilizofanywa nchini kuhusu namna wakulima wanavyopata taarifa zimekuwa zikirudia jambo lile lile kwa miaka mingi: mkulima humuuliza kwanza mkulima mwenzake, jirani au ndugu; redio na afisa ugani hufuata; maktaba hutajwa mwishoni, ikiwa imetajwa.

Kwa hiyo msimamo unaoongoza majibu yote yaliyomo humu ni kwamba maktaba imhudumie kwanza afisa ugani, na mkulima apate matunda ya maktaba bila kulazimika kuingia ndani yake. Swali litoke shambani, lipite kwa afisa ugani, lifike maktaba, litafutiwe jibu lenye chanzo kinachojulikana, na jibu lirudi kwa njia ile ile likiwa katika Kiswahili ambacho mwenye jembe anakielewa. Mkulima anayependa kuja mwenyewe akaribishwe kwa mikono miwili, ila asifanywe kuwa kipimo cha kazi yote.

Kuna watakaosema kwamba hivyo maktaba inageuka kuwa karani wa idara ya kilimo. Hatuoni ubaya wake. Maktaba ya hospitali humhudumia daktari, na hakuna mgonjwa anayelalamika kwamba hakukabidhiwa jarida la tiba alisome mwenyewe.

Ni taasisi zipi zinazohusika hapa Tanzania?

Upande wa maktaba, ya kwanza kufikiriwa ni Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyomo ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wengi huidhani kuwa ni maktaba ya wanafunzi tu, lakini sheria iliyotungwa na Bunge mwaka 1991 iliipa hadhi ya maktaba ya taifa katika fani ya kilimo, maana yake ina wajibu kwa nchi nzima. Inaendesha pia hazina ya mtandaoni iitwayo Mkulima, inayokusanya vipeperushi, vitabu vidogo na majarida ya kilimo ambayo yangepotea baada ya mradi ulioyachapisha kufungwa. Mkutubi wa wilayani asiyewahi kuifungua hazina hiyo aanze hapo kabla ya kuandika barua yoyote ya kuomba vitabu.

Ya pili ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 1975 na kusimamia Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Dar es Salaam pamoja na maktaba za mikoa na baadhi ya wilaya. Bodi hiyo ndiyo pia yenye chuo cha ukutubi Bagamoyo, na wanafunzi wake wanaokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo ni nguvu kazi ambayo halmashauri chache hukumbuka kuiomba. Tusisahau maktaba za vyuo vya mafunzo ya kilimo, kama vile Ukiriguru, Uyole na Igurusi, ambazo ni ndogo lakini ziko karibu na wakulima kuliko Morogoro au Dar es Salaam.

Upande wa ugani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 maafisa ugani wako chini ya halmashauri, yaani chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), huku Wizara ya Kilimo ikitoa sera na miongozo ya kitaalamu. Utafiti uko kwa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na yenye vituo katika kanda mbalimbali: Naliendele kwa korosho, Tengeru kwa mbogamboga na matunda, Maruku kwa migomba, Kibaha kwa miwa, na vinginevyo. Kahawa ina taasisi yake, TaCRI, yenye makao Lyamungu. Kwa viuatilifu na visumbufu vya mimea mwenye mamlaka ni TPHPA. Kwa ubora wa mbegu ni TOSCI. Kwa mbolea ni TFRA. Kwa utabiri wa msimu ni TMA.

Orodha ni ndefu, na urefu wake ndio unaoeleza kwa nini mtu wa kuunganisha anahitajika. Afisa ugani mmoja mwenye vijiji vinne na pikipiki moja hawezi kufuatilia machapisho ya taasisi zote hizi. Mkutubi anaweza.

Je, jambo hili ni jipya?

Hapana. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Katika kampeni zote mbili vikundi vya vijijini vilikusanyika kusikiliza redio, vikiwa na vitabu vilivyoandikwa mahususi kwa ajili yao na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo. Katika miaka hiyo hiyo maktaba za vijiji zilianzishwa ili waliohitimu madarasa ya kisomo wasisahau kusoma. Kilichoziua nyingi kati yake si wananchi kukataa kusoma, ni vitabu kutobadilishwa: baada ya miaka michache rafu zilikuwa na vitabu vile vile ambavyo kila aliyevitaka alikuwa amekwisha kuvisoma.

Baadaye, chini ya Programu ya Kuendeleza Sekta ya Kilimo iliyoanza mwaka 2006, vilijengwa vituo vya rasilimali za kilimo vya kata. Majengo hayo bado yapo mahali pengi. Mahali pengine yana wataalamu na machapisho, pengine yamegeuzwa kuwa ofisi au stoo. Kabla ya kuomba fedha za kujenga chumba kipya cha taarifa, halmashauri ikakague kwanza kama kituo cha kata bado kina mlango unaofungika na paa lisilovuja.

Nani aanze, na barua iandikwe kwa nani?

Yeyote anaweza kuanza, ila uzoefu unaonyesha kwamba mambo huenda haraka mkutubi anapomfuata mtaalamu wa kilimo kuliko kinyume chake, kwa sababu idara ya kilimo ina kazi nyingi za dharura na haikumbuki maktaba mpaka imeombwa. Barua rasmi iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ikionyesha kwamba inahusu Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, na nakala ipelekwe kwa mkuu wa divisheni hiyo. Kwa maktaba ya mkoa, barua ipite kwa uongozi wa Bodi kadiri taratibu zinavyotaka.

Kabla ya barua, hata hivyo, nenda ukazungumze. Mkutubi akahudhurie kikao kimoja cha maafisa ugani wa wilaya akiwa msikilizaji tu, aandike maswali yanayowasumbua, kisha arudi kikao kinachofuata akiwa na majibu ya maswali mawili au matatu. Afisa ugani aliyeletewa jibu la swali lake mwenyewe hahitaji kushawishiwa kwa hotuba.

Hati ya makubaliano iseme nini?

Iseme machache yanayotekelezeka. Imtaje mtu mmoja kwa kila upande, kwa cheo na si kwa jina, atakayepokea maswali na kufuatilia majibu. Ieleze muda wa kujibu, nani analipia uchapishaji na vocha za intaneti, nani ana mamlaka ya kuthibitisha kwamba jibu la kitaalamu ni sahihi kabla halijatoka, na machapisho yatabaki mali ya nani ushirikiano ukivunjika. Iweke pia tarehe ya kuupitia upya. Hati za kurasa ishirini zenye dira, dhima na malengo makuu tumeziona zikisainiwa mbele ya kamera, na wanaotakiwa kuzitekeleza hawakupewa hata nakala.

Swali la mkulima linasafiri vipi hadi kupata jibu?

Tuchukue mfano wa kufikirika lakini wa kawaida. Mkulima wa nyanya anafika ofisi ya kata akiwa na tawi ndani ya mfuko na kusema: "Majani yanakauka kama yameungua, ndani kuna kiwavi mdogo, nimepiga dawa mara nne na bado." Afisa ugani anashuku kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014, lakini anajua pia kwamba vidomozi wa kawaida hutoboa majani na huweza kumchanganya mtu. Anapiga picha za jani pande zote mbili na picha ya tunda lililotobolewa, kisha anaandika kijiji, tarehe, aina ya nyanya, umri wa mmea na jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye chupa. Hilo la chupa ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mara nyingi mkulima aliyebadilisha dawa mara nne amebadilisha majina ya kibiashara huku kiini cha sumu kikiwa kile kile, na mdudu huyu ni mwepesi kujenga usugu.

Maelezo hayo yanatumwa kwa mkutubi, pengine kwa WhatsApp. Mkutubi hamwambii mtu ugonjwa gani huo, kwa kuwa hiyo si taaluma yake. Anachofanya ni kutafuta mwongozo unaotambua tofauti za wadudu hao: mifereji myembamba yenye kujipinda ya kidomozi, na mabaka mapana ya kantangaze ambaye pia huingia kwenye tunda. Anatafuta mapendekezo ya kudhibiti yaliyothibitishwa na watafiti, kama mitego ya feromoni, kuteketeza masalia ya zao, kuzungusha mazao yasiyo ya jamii ya nyanya, na kutumia kwa zamu viuatilifu vya makundi tofauti. Anahakiki kama viuatilifu vinavyotajwa vimesajiliwa nchini. Pale ambapo vyanzo vinapingana, anampigia mtafiti wa kituo cha karibu.

Jibu linaandikwa nusu ukurasa, likiwa na tarehe, chanzo, kanda linakohusika na jina la ofisi iliyolithibitisha. Afisa ugani analipeleka kwa aliyeuliza, analisoma kwenye shamba darasa, yaani shamba la mafunzo la kikundi, analibandika ofisi ya kata. Nakala inabaki maktaba katika jalada la nyanya, ili swali kama hilo likija kutoka kata nyingine mwezi ujao lisianze upya. Tunapendekeza jibu la awali litoke ndani ya siku tatu za kazi, hata kama ni la kusema kwamba mtaalamu ameulizwa na ushauri wa muda ni huu.

Jalada hilo la maswali, likitunzwa kwa misimu miwili au mitatu, lina thamani kuliko vitabu vingi vya maktaba hiyo. Linaonyesha ni tatizo gani linaibuka wapi na mwezi gani, jambo ambalo watafiti wenyewe hulitafuta kwa gharama kubwa.

Tutajuaje kama kipeperushi kilichopo rafuni bado kinafaa?

Hili ndilo eneo ambalo maktaba inaweza kuleta faida kubwa, na pia madhara makubwa. Kitabu cha hadithi cha mwaka 1975 hakimdhuru msomaji wa leo. Kijitabu cha kilimo cha mwaka huo kinachoelekeza kupulizia DDT kinaweza kumdhuru. Endosulfani nayo, iliyotumika sana kwenye pamba, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya kemikali zinazotakiwa kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, lakini machapisho yanayoitaja hayakuondoka rafuni yenyewe.

Mfano mwingine ni viwavijeshi. Tunavyo vipeperushi vizuri kuhusu viwavijeshi tuliowazoea, wanaokuja kwa makundi na kufyeka nyasi na mahindi kwa pamoja. Mwaka 2017 akaingia kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Huyu hujificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja, ana alama ya Y iliyogeuzwa kichwani na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia, na dawa ikipuliziwa juujuu mchana haimfikii. Mkulima akipewa kipeperushi cha zamani atapoteza fedha, dawa na mahindi, na atakuwa na haki ya kutoamini tena karatasi yoyote itokayo ofisini kwenu.

Kwa hiyo kila chapisho la kilimo lipitiwe na wawili, mkutubi na afisa kilimo, walau mara moja kwa mwaka, na kipindi kizuri ni kabla ya mvua za kwanza. Waangalie mwaka wa kuchapishwa, kanda iliyokusudiwa, aina za mbegu zinazotajwa kama bado zinapatikana, na viuatilifu kama bado vimesajiliwa. Lililopitwa na wakati lisichomwe. Lipigwe muhuri wa "Kwa historia tu, lisitumike shambani" na lihamishiwe rafu nyingine. Wanahistoria watalihitaji. Lile lisilo na tarehe wala jina la mchapishaji, na ni mengi kuliko mtu anavyodhani, lisitolewe kwa mkulima mpaka mtaalamu alihakiki.

Kuna pia taarifa zisizochakaa haraka. Namna ya kukausha mahindi na karanga vizuri ili kuzuia sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haibadiliki kila mwaka, na tangu mlipuko wa mwaka 2016 ulioua watu Dodoma na Manyara, hakuna maktaba ya kanda ya kati inayopaswa kukosa maelezo hayo mlangoni, pamoja na maelezo ya mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa.

Utafiti mwingi umeandikwa kwa Kiingereza na majarida ni ghali. Tufanyeje?

Kuhusu gharama, mlango uko wazi kuliko wengi wanavyojua. Mpango wa AGORA, unaosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, tangu mwaka 2003, unaziwezesha taasisi za nchi kama Tanzania kusoma maelfu ya majarida ya kilimo bila malipo. Siku hizi uko chini ya mwamvuli wa Research4Life, na taasisi zinazostahili ni pamoja na maktaba za taifa na vituo vya ugani, si vyuo vikuu pekee. Usajili hufanywa na taasisi, na nywila hutunzwa na mtu mmoja anayewajibika.

Kuhusu lugha, tafsiri ya neno kwa neno ya makala ya utafiti haimsaidii mtu. Makala ya kurasa kumi na tano yenye majedwali ya takwimu huwa na sentensi tano au sita zinazomhusu mkulima: nini kilijaribiwa, wapi, udongo wa namna gani, mavuno yalibadilikaje, na gharama ilikuwa kiasi gani. Hizo ndizo za kuandikwa upya kwa Kiswahili, na mtafiti aliyefanya kazi hiyo au mtaalamu wa zao hilo azisome kabla hazijatoka. Majina ya magonjwa na wadudu yatumike yale yanayojulikana mahali husika, kwa mfano batobato na michirizi ya kahawia kwa mihogo, na pale ambapo jina la wilaya moja ni tofauti na la jirani yake yatajwe yote mawili.

Je, tunaruhusiwa kunakili na kutafsiri machapisho ya wengine?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za watunzi, na kutafsiri ni haki ya mwenye kazi. Njia salama ni kuomba ruhusa kwa barua fupi, na taasisi za umma za utafiti kwa kawaida hufurahi kuona kazi yao ikisomwa. Machapisho mengi ya FAO na ya vituo vya utafiti vya kimataifa hutolewa kwa leseni huria inayoeleza wazi kinachoruhusiwa. Soma ukurasa wa pili kabla ya kupeleka kwa mpiga chapa.

Maktaba yetu haina intaneti ya kuaminika. Je, tungoje?

Msingoje. Jalada la karatasi, simu ya mkononi na nakala za vipeperushi zilizopakuliwa kwenye diski mweko pindi mtandao unapopatikana vinatosha kuanzia. Vishikwambi walivyopewa baadhi ya maafisa ugani vinaweza kubeba mamia ya machapisho ambayo mkutubi ameyapanga kwa zao na kwa msimu, yakafunguka hata bondeni kusiko na mnara.

Serikali ina mfumo wa M-Kilimo. Maktaba ya nini tena?

M-Kilimo unamuunganisha mkulima na afisa ugani na masoko kwa simu, na ni mfumo wa kutumiwa, si wa kushindana nao. Lakini anayejibu upande wa pili ni afisa ugani yule yule, na ubora wa jibu lake unategemea alichonacho mkononi. Maktaba inakaa nyuma yake.

Vipi kuhusu wasiojua kusoma, wanawake na vijana?

Jibu la nusu ukurasa linaweza kusomwa redioni, na redio za jamii hutafuta vipindi vya kilimo kila wiki. Redio ya SUA FM ya Morogoro ni mfano wa chuo cha kilimo chenye chombo chake cha habari. Linaweza pia kurekodiwa kwa sauti na kutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, ambako wanawake wengi wamo tayari. Mikutano ya ugani inayofanyika saa nne asubuhi huwakosa wanawake walio shambani au kisimani, kwa hiyo muulize mwenyekiti wa kikundi saa inayofaa badala ya kumpangia. Vijana ndio wanaoweza kukaa maktaba kweli, hasa wale wanaotaka kuandika andiko la mkopo wa halmashauri kwa ajili ya kilimo cha mboga au ufugaji wa kuku, na mahesabu ya gharama na mapato ndiyo wanayoyatafuta kuliko maelezo ya kupanda.

Tukitunza namba za simu za wakulima, kuna sheria inayotuhusu?

Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze anazikusanya kwa madhumuni gani na azitumie kwa madhumuni hayo tu. Orodha ya wakulima iliyokusanywa kwa ajili ya ushauri isiuzwe wala kupewa kampuni ya pembejeo, hata kampuni hiyo ikiwa imetoa fulana na kofia za Nane Nane. Katika jalada la maswali, jina la mkulima lisiandikwe kabisa. Kijiji na zao vinatosha.

Fedha zitatoka wapi?

Kazi iliyoelezwa hapa inagharimu muda kuliko fedha. Yanayohitaji malipo ni karatasi, wino, vocha na nauli, na haya yanaweza kuingizwa katika bajeti ya divisheni ya kilimo ya halmashauri iwapo ombi limefika kabla ya mchakato wa bajeti kufungwa, si mwezi Julai wakati kila kitu kimekwisha kupitishwa. Vyama vya ushirika vya mazao, yaani AMCOS, vinaweza kuchangia uchapishaji wa maelezo ya zao lao. Ufadhili wa mradi ni mzuri kwa kuanzia vifaa, lakini mshahara wa anayejibu maswali usitegemee mradi, maana siku mradi unapokwisha maswali hayakomi.

Kenya wanafanyaje?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka huduma za kilimo na maktaba zote mbili mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo huko mkutubi na afisa wa kilimo wana gavana mmoja na bajeti moja, na kwenye karatasi ushirikiano ni rahisi kuliko kwetu, ambako maktaba ya mkoa iko chini ya Bodi na ugani uko chini ya halmashauri. Kuwa chini ya paa moja si dawa peke yake, kwani idara mbili za serikali moja zinaweza kuishi miaka bila kuandikiana hata dokezo, lakini kunaondoa safari ndefu za barua. Kenya ina jambo jingine la kuigwa kwa moyo wake: tangu mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa kwa jamii za wafugaji. Pikipiki za maafisa ugani wetu zingeweza kubeba sanduku la vipeperushi kwa utaratibu huo huo.

Tutapimaje kama ushirikiano unafanya kazi?

Msihesabu walioingia mlangoni wala nakala zilizogawiwa. Hesabuni maswali yaliyopokelewa, yaliyojibiwa kwa wakati, na yaliyoshindikana, kisha baada ya msimu afisa ugani arudi kwa baadhi ya waliouliza na kuwauliza kama walifuata ushauri na ilikuwaje. Waliokataa kuufuata wana habari nyingi kuliko waliokubali: pengine mbegu iliyopendekezwa haikuwepo dukani, pengine kazi yake ilihitaji vibarua ambao hawakuwepo wiki hiyo. Majibu hayo yarudishwe kituo cha utafiti, kwa sababu kwa kawaida watafiti hawayasikii.

Afisa ugani akihamishwa au mkutubi akistaafu, kazi itaendeleaje?

Uhamisho ni jambo la kawaida katika utumishi wa umma, kwa hiyo upangiwe tangu mwanzo. Jalada la maswali likae maktaba na si kwenye begi la afisa. Nywila za akaunti ziwe zimeandikwa katika bahasha iliyofungwa ofisini kwa mkuu wa kituo, na zibadilishwe mara baada ya makabidhiano. Anayeondoka amtembeze mrithi wake katika kata walau mbili na kumtambulisha kwa viongozi wa vikundi. Laini ya simu inayopokea maswali isajiliwe kwa jina la taasisi, kwa kuwa ikiwa ni ya mtu binafsi atahama nayo, na wakulima wataendelea kutuma picha za majani kwa mtu ambaye sasa yuko mkoa mwingine.